Majirani Hufika Kabla ya Gari la Wagonjwa

Mtoto akimwagikiwa na uji wa moto katika nyumba ya kupanga ya Dar es Salaam, hakosi watu. Mama yake hajamaliza kupiga yowe, mpangaji wa chumba cha pili kashatoka na dawa ya meno, wa chumba cha nne anakuja na yai, na bibi aliyekuwa akianika nguo uani anauliza asali iko wapi. Kila mmoja anatoa alichonacho, tena kwa moyo mmoja. Baada ya robo saa mtoto yuko kwenye bajaji, mkono umepakwa rangi tatu, na kitu pekee ambacho hakikuufikia ni maji.

Siku hizi tunapenda kulaumiana kwamba tumekuwa na roho ngumu, kwamba mtu akianguka barabarani watu wanatoa simu wampige picha. Wapo wanaofanya hivyo, sikatai. Lakini ukitazama yanayotokea majumbani, jikoni kwa mama ntilie, kwenye gereji na saiti za ujenzi, upungufu wetu uko kwingine. Msaada kwetu unafika upesi, mikono ni mingi, na karibu kila mkono umebeba jambo ulilorithi ambalo litamwongezea mgonjwa maumivu. Ndiyo maana naona sehemu kubwa ya huduma ya kwanza tunayoihitaji ni kufundishwa mambo ya kuacha. Na wa kufundishwa ni hao hao ambao tayari wanakimbilia, kabla ya mtu mwingine yeyote.

Tuanze na moto, kwa kuwa hakuna nyumba isiyo na jiko. Mwili ukiungua, joto haliishii pale uji ulipomwagika. Linabaki ndani ya ngozi na kuendelea kuipika kwenda chini hata baada ya sufuria kuondolewa. Kazi ya kwanza ni kulitoa joto hilo, na kinacholitoa ni maji ya baridi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Barafu haifai, maana inaiumiza tena ngozi ambayo tayari imejeruhiwa. Dakika 20 ni ndefu mno pale mtoto anapolia mikononi mwako, jirani mmoja anakuhimiza mkimbie hospitali na mwingine anakusukumia kikopo cha mafuta ya mgando. Lakini zinalipa, na hata maji yakichelewa bado yanasaidia, mradi saa 3 hazijapita tangu kuungua.

Dawa ya meno ina minti, na minti inaleta ubaridi kwenye ngozi kama inavyouleta mdomoni. Nadhani imani yetu ilizaliwa hapo: mtoto ananyamaza kidogo, mama anaona dawa imeshika. Chini ya ubaridi ule wa kudanganya, utando unakauka juu ya ngozi na joto linabaki limefungiwa ndani. Wakifika hospitalini, muuguzi analazimika kuukwangua wote ili akione kidonda, na yule mtoto aliyenyamaza anaumia upya. Yai bichi nalo linapeleka vijidudu mahali ambapo ngozi imeondoka. Unga wa ngano unaganda na kuwa kama plasta ya ukutani.

Mtu ataniuliza, hayo maji yanayotiririka unayasemea wapi? Ni swali la haki. Katika nyumba nyingi bomba linatoa maji usiku wa manane, au halipo kabisa. Maji ni ya dumu, na dumu lina bei yake. Mama aliyenunua madumu ya kutumia wiki nzima hafikirii kuyamwaga juu ya mkono wa mtoto. Vijitabu vingi vya huduma ya kwanza vimeandikwa na watu wenye bomba katika kila jiko, na hapo vinatuacha. Njia ipo. Mpakate mtoto, weka mkono wake juu ya beseni, chota kwa kikombe na umwagie taratibu bila kukoma. Maji yakijaa kwenye beseni, chota hayo hayo uendelee, mpaka yakianza kupata uvuguvugu ndipo ubadilishe. Ndoo moja au mbili zinatosha. Huku maji yakienda, mwingine avue bangili, pete na zile shanga za mkononi kabla mkono haujavimba. Nguo iliyogandana na ngozi iacheni. Lengelenge msilipasue. Mkimaliza, funikeni jeraha kwa kitambaa kilichofuliwa vizuri, na kanga safi inafaa sana, mwili mwingine wa mtoto mkiutunza usipate baridi, kisha safari ya hospitali ianze. Wale majirani wote waliokuja na yai na asali sasa wana kazi: mmoja anachota, mmoja anatafuta usafiri, mmoja anamshikilia mama.

Nimekaa sana kwenye maji kwa makusudi. Kitu kilicho rahisi kiasi hiki, kisichohitaji cheti wala duka la dawa, bado hakijulikani katika nyumba zenye simu janja tatu.

Mafuta ya taa ni habari nyingine. Tunayanunua kwa kupimiwa, na kipimio ni chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto wa miaka miwili hawezi kujua kwamba chupa iliyokuwa na maji jana leo ina kitu kingine. Akinywa, wakubwa wanakimbilia maziwa, wengine mafuta ya mawese, wengine wanamtia vidole kooni atapike. Mambo yote hayo yanaelekea kwenye kutapika, na kutapika ndiko kunakoua. Mafuta ya taa ni mepesi na yanateleza. Yakipanda kutoka tumboni huingia kwenye njia ya hewa kwa urahisi, na mapafu ndiyo yanayoharibika. Mtoto huyo hapewi kitu. Anapelekwa hospitali akiwa amekaa wima, na chupa yenyewe inabebwa ili daktari aone kilichonywewa. Kostiki inayotumiwa na vikundi vya akina mama vya kutengeneza sabuni nayo ni vivyo hivyo: iliunguza koo ikishuka, italiunguza tena ikipanda. Ikirukia jichoni, jicho lioshwe kwa maji mengi papo hapo, dakika 20 nzima, kabla ya mtu kuuliza zahanati iko wapi. Kikundi kinachotengeneza sabuni bila ndoo ya maji safi pembeni kinacheza na macho ya wanachama wake.

Kuna msaada unaodhuru kwa kufanya, na kuna unaodhuru kwa kukataa kugusa. Mwaka 1960 daktari kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, katika nchi ya Wapogoro. Aliyoyaandika baadaye yanatisha. Wengi wa wagonjwa wake walikuwa na makovu makubwa ya moto. Walianguka kifafa kando ya jiko la mafiga, wakaangukia motoni, na watu waliokuwa karibu waliogopa kuwavuta, kwa kuamini kwamba povu la mgonjwa, mate yake, au hata hewa inayomtoka wakati ule vinaambukiza. Mtu aliungua akitazamwa na ndugu zake waliompenda.

Imani hiyo haikuishia Mahenge wala mwaka 1960. Mpaka leo mwanafunzi akianguka darasani wenzake wanasambaa, na akitokea jasiri wa kumkaribia, mara nyingi amebeba kijiko ili amtie mdomoni asing'ate ulimi. Kijiko hicho huvunja meno, na kipande cha jino huweza kuingia kwenye njia ya hewa. Anayeanguka kifafa hana haja ya kushikwa kwa nguvu, na kifafa hakiambukizi kwa mate, kwa povu wala kwa kitu chochote. Mwondoleeni vitu vya kumuumiza, mwekeeni nguo laini chini ya kichwa, tazameni saa, na mtukutiko ukitulia mgeuzeni alale ubavu ili mate yatoke nje. Ukipita dakika 5 bila kutulia, au akianguka tena kabla hajarudiwa na fahamu, hapo ni hospitali bila kujadiliana. Mtoto mwenye degedege naye anawekwa ubavu hivyo hivyo na kupelekwa kupimwa, kwa sababu nyuma ya degedege la homa mara nyingi kuna malaria au ugonjwa mwingine usiosubiri. Masaa yanayopotea kwenye kumfukiza ndiyo masaa ambayo dawa ingefanya kazi.

Orodha ya mambo ya kuacha ni ndefu, na mengine nayapitia haraka. Anayetoka damu puani anainamishwa mbele na kubanwa sehemu laini ya pua. Tukimwinamisha nyuma anaimeza damu. Aliyezama majini haning'inizwi kichwa chini ili maji yamwagike; anahitaji kupuliziwa pumzi, na kila sekunde ya kumtikisa ni sekunde isiyo na hewa. Aliyeumwa na nyoka hachanjwi, hanyonywi, hafungwi kamba, na jiwe jeusi linalouzwa sokoni haliivuti sumu. Kiungo kilichoumwa kinatulizwa kama kilichovunjika, mgonjwa anabebwa badala ya kutembezwa, na anakimbizwa penye dawa ya sumu ya nyoka. Majeruhi wa bodaboda hapewi soda. Aliyezimia chumbani kwenye jiko la mkaa anatolewa nje kwenye hewa, na anayeingia kumtoa afungue milango kwanza, maana hewa ile ya sumu haina harufu na haichagui mwokoaji.

Umeme nao unastahili sentensi zake, kwa kuwa unaua wawili wawili. Fundi wa kuchomelea akinaswa, mwenzake anamrukia na kumkumbatia, na shoti inapata njia ya pili. Swichi kuu izimwe kwanza. Kama haifikiki, msukume kwa kitu kikavu kisichopitisha umeme huku wewe mwenyewe umesimama pakavu. Na kama ni waya mkubwa wa nguzo ulioanguka barabarani, hakuna kijiti kinachofaa: kaa mbali, zuia watu, na wapigieni TANESCO.

Haya, kuna ya kuacha na kuna ya kufanya, na ya kufanya si mengi. Damu inayotoka kwa nguvu inazuiwa kwa kukandamiza jeraha lenyewe, moja kwa moja, kwa kitambaa safi na uzito wa mwili, bila kuchungulia kila baada ya nusu dakika kama imeacha. Unga wa kahawa na majivu vibaki jikoni. Aliyepoteza fahamu lakini anapumua analazwa ubavu, kidevu kikiinuliwa kidogo, ulimi usizibe koo. Aliyepaliwa na hawezi kukohoa wala kusema hapulizwi utosini. Anainamishwa na kupigwa mgongoni kati ya mabega mara 5 kwa kiganja, na ikishindikana anashikwa kwa nyuma na kubinywa tumbo, juu ya kitovu, kwenda ndani na juu mara 5, kwa kupokezana mpaka kitoke. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka habinywi tumbo. Analazwa kwenye mkono, kichwa kikiwa chini, anapigwa mgongoni, kisha anageuzwa na kubonyezwa katikati ya kifua kwa vidole viwili.

Wakufunzi wengi wangeanza na kifua: lile sanamu la mtu linaloletwa kwenye semina na kubonyezwa na kila mshiriki huku wengine wakicheka. Mimi ningekuwa na saa moja tu ya kufundisha, nisingeanzia hapo. Sisemi kwamba halina maana. Mwaka 1960 watafiti wa Johns Hopkins huko Baltimore, akiwemo William Kouwenhoven ambaye hakuwa daktari bali mhandisi wa umeme, walionyesha kwamba moyo uliosimama unaweza kusaidiwa kusukuma damu bila kupasua kifua, kwa mikono tu. Ni moja ya zawadi kubwa za karne iliyopita. Asiyejibu na asiyepumua, au anayevuta pumzi kwa kukoroma na kukatika, anabonyezwa katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Hiyo ni kasi ya karibu mapigo mawili kwa sekunde. Singeli ni mbio mno, usiifuate. Aliyefundishwa anaongeza pumzi 2 kila baada ya mibonyezo 30. Lakini moyo uliosimama kwa ugonjwa wake wenyewe unahitaji pia mashine ya kuushtua na wahudumu wanaofika kwa dakika chache, na mashine hizo kwetu ni nadra. Mbonyezo unawafaa zaidi waliozama na waliopigwa na umeme, hasa walio vijana. Kwa mtaa wa kawaida, saa ile moja ningeigawa kwa moto, damu, kupaliwa na kumlaza mtu ubavu. Sanamu lije saa ya pili.

Sasa twende kazini. Katika ofisi moja niliyowahi kufanya kazi, sanduku jeupe lenye msalaba mwekundu lilikuwa ukutani, karibu na saa. (Msalaba mwekundu kwa haki yake ni nembo ya kulinda wahudumu vitani chini ya Mikataba ya Geneva; alama ya huduma ya kwanza ni msalaba mweupe juu ya kijani. Hilo tuliache.) Ufunguo alikuwa nao ofisa utumishi, na ofisa utumishi alikuwa likizo. Mhudumu akajikata vibaya kiganjani kwa kioo cha dirisha, tukalifungua sanduku kwa bisibisi, tukakuta vidonge vya kutuliza maumivu, pamba iliyogeuka njano, mkasi wenye kutu na chaja ya simu. Aliyeizuia damu ni mpishi wa kantini. Alichukua taulo safi la jikoni, akalikunja, akalikandamiza kwa mikono yote miwili, akamwambia dada aketi chini na ainue mkono. Hakuna aliyekuwa amemfundisha ofisini pale. Maofisa wawili waliopelekwa kwenye mafunzo mwaka uliotangulia walikuwa ghorofani, na mmoja wao alishuka baadaye akauliza kama kuna fomu ya kujaza.

Sheria yetu haina tatizo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awe na huduma ya kwanza, na OSHA wanaisimamia na kutoa mafunzo. Tatizo ni namna waajiri tunavyochagua wa kufundishwa. Barua ya mafunzo inakuja, hoteli imetajwa, posho imetajwa, na wanaopelekwa ni watu wa mezani. Cheti kinatiwa nailoni na kubandikwa mapokezi ili mkaguzi akione. Kule chini, kwenye mashine ya kukata mbao, kwenye pipa la mafuta ya kukaangia, juu ya jukwaa la ujenzi, wako vibarua, saidia fundi, wapishi, wafagiaji na walinzi. Hao ndio wanaoumia, na hao ndio wanaokuwa hatua mbili kutoka kwa aliyeumia. Kibarua wa siku haingii kwenye orodha ya mafunzo kwa sababu hayuko kwenye orodha ya mishahara. Mlinzi wa usiku ni wa kampuni nyingine, kwa hiyo si wetu. Ofisa aliyefundishwa anaondoka saa kumi na moja jioni, na zamu ya usiku inabaki na sanduku lililofungwa.

Nyumbani hesabu ni hiyo hiyo. Anayeshinda na watoto ni dada wa kazi, na mara nyingi ni msichana aliyetoka kijijini wiki tatu zilizopita. Tunamfundisha mashine ya kufulia na namna ya kupanga vyombo. Tunamwonyesha rimoti. Ni wangapi tumemkalisha tukamwonyesha la kufanya mtoto akipaliwa na kipande cha muwa? Ni wangapi tumemwachia namba ya simu iliyoandikwa kwenye karatasi, ukutani, pamoja na 114 ya Zimamoto na 112 ya Polisi, badala ya kutegemea simu yake yenye salio sifuri?

Najua hoja inayokuja. Elimu nusu inaua. Waachie wenye taaluma. Ningeikubali kama jirani asiye na elimu angekaa akatulia. Hatulii. Ana yai mkononi. Kati ya elimu nusu na imani kamili isiyo sahihi, nachagua ya kwanza bila kusita, na huduma ya kwanza kwa asili yake ni elimu ndogo iliyopimwa: inajua inapoishia.

Hofu ya pili ni nzito zaidi, na mwenye hofu hiyo simlaumu. Mtu anasema, nikimgusa akafa mkononi mwangu, nitaulizwa mimi. Nikimfikisha hospitali nitaambiwa nilipe, kisha niende polisi nikaandikishe maelezo. Fomu ya PF3 imewafundisha Watanzania kwamba majeruhi ni kesi kabla ya kuwa mgonjwa. Viongozi wa serikali wamesema zaidi ya mara moja kwamba aliye hatarini atibiwe kwanza na fomu ifuate, na hospitali nyingi zinafanya hivyo. Lakini neno la jukwaani halijafika kila kituo cha afya wala kila kaunta ya polisi. Nchi kadhaa zimeandika sheria inayomkinga aliyesaidia kwa nia njema. Bunge letu likitaka jambo moja dogo, la gharama nafuu na lisilo na chama, lingetuandikia kifungu cha namna hiyo kwa Kiswahili kinachoeleweka, na kikabandikwa kwenye kila stendi na kila kituo cha polisi.

Wanaodhani kwamba kazi hii ni ya wataalamu pekee wangeangalia ilikotoka. Mwaka 1859 Henri Dunant, mfanyabiashara wa Geneva, alifika karibu na uwanja wa vita wa Solferino, kaskazini mwa Italia, akakuta maelfu ya majeruhi na madaktari wachache. Akawakusanya wanawake wa mji wa Castiglione kuwaosha, kuwafunga majeraha na kuwanywesha maji, bila kuwauliza wamesomea wapi wala majeruhi ni wa jeshi gani. Kutoka kwenye siku zile ikazaliwa Msalaba Mwekundu, ambayo Tanzania inayo ya kwake tangu 1962.

Kwetu Castiglione ni Bukoba. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyobeba watu 43 ilianguka Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja. Walioifikia kwanza walikuwa wavuvi, kwa mitumbwi yao. Watu 24 walitoka hai, 19 walikufa. Tuliwasifu wale wavuvi, kwa haki, na serikali ikamchukua kijana mmoja wao katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ni heshima nzuri kwa mmoja. Ziwa lina maelfu ya wavuvi, kila mwalo una uongozi wake unaojua nani ana mtumbwi na nani hana, na mtu anazama ziwani au anavutwa kutoka majini bila kamera kuwepo. Mwalo ungekuwa darasa bora la kupulizia pumzi kuliko ukumbi wowote wa hoteli.

Huko Kampala walilijaribu jambo la aina hii zaidi ya miaka kumi na tano iliyopita. Walichukuliwa madereva wa taksi, askari wa kawaida na viongozi wa mitaa, wakafundishwa mambo machache ya kumhudumia majeruhi wa ajali, kwa sababu ndio waliokuwa wakiwabeba majeruhi tangu zamani. Na sisi wenyewe tunao mfano mkubwa zaidi. Mpango wa m-mama, uliozinduliwa kwa nchi nzima mwaka 2022, unampa mjamzito namba 115 ya bure. Pasipo na gari la wagonjwa karibu, anatumiwa dereva wa kawaida wa hapo hapo mtaani au kijijini aliyesajiliwa, na dereva huyo analipwa. Yaani serikali imekwisha kukiri kwamba mtu mwenye gari kijijini ni sehemu ya mfumo wa afya. Dereva huyo huyo akibeba majeruhi wa moto au wa panga, je, anajua kukandamiza damu? Kijiwe cha bodaboda kina mwenyekiti, kina mchango wa wiki, kina orodha ya wanachama. Kikoba kinakutana kila wiki na hakikosi watu, maana kuna faini. Madrasa na shule ya Jumapili zina watoto walio katika umri wa kushika jambo moja kwa kuliona mara moja. Mafunzo ya saa mbili kwenye mikusanyiko hiyo, kwa beseni la maji, kitambaa na mtu wa kujilaza chini ajifanye mgonjwa, yangegharimu pungufu ya chakula cha mchana cha semina moja.

Hospitali zimejitahidi upande wake. Muhimbili ilifungua idara kamili ya tiba ya dharura mwaka 2010, mwaka ambao chuo chake nacho kilianza kufundisha madaktari bingwa wa fani hiyo, na tangu hapo idara za dharura zimefunguliwa mikoani. Madaktari hao wanapokea mgonjwa katika hali aliyoachwa nayo na bajaji. Ubongo usiopata hewa unaanza kuharibika ndani ya dakika 4 hivi, na sijui foleni ya Dar es Salaam inayokwisha kwa dakika 4.

Kwa upande wa kazini ningependa jambo moja dogo libadilike. Mkaguzi akifika kiwandani, asianzie ofisini kuuliza cheti kiko wapi na sanduku limejaa kiasi gani. Aanzie getini kwa mlinzi, apite kantini, aishie kwa kibarua aliyeajiriwa asubuhi ile, na kila mmoja amwambie: huyu hapa mwenzako amekatwa na mashine mkononi, damu inaruka, nionyeshe unafanya nini. Kisha amuulize ufunguo wa sanduku uko wapi saa nane za usiku. Majibu ya hao watatu ndiyo yaandikwe kwenye ripoti, na faini itozwe kwa hayo.